Amplifaya ya Baba Yenu Mdogo

Fungeni mlango, wanangu, na wewe mkubwa weka hiyo nyundo chini, maana siwezi kugawa mali huku mmoja wenu ameshika silaha. Dada yenu abaki hapa anishike mgongo, ndiye shahidi wangu.

Nyumba ni yake, na asije mtu akamwambia ataolewa aondoke. Hata akiolewa ni yake. Karakana na vyombo vyake ni vyenu wawili. Imebaki hiyo amplifaya ya besi mliyotoana damu jana, mmoja akamvunja mwenzake pua, mwingine akamchoma shingo kwa chuma cha kulehemu, eti huyu anataka kuiuza, huyu anataka kuitengeneza. Niliwasikia. "Nitakuua, mbwa wewe!" "Anza basi, unangoja nani akushikie shati?" Wapumbavu. Hata hivyo, mdogo aliingia humu pua inachuruzika, na la kwanza akaniuliza kama nimekunywa maji. Na mkubwa, pamoja na shingo yake hiyo, akanigeuza ubavu taratibu. Hilo nalo nimeliona.

Lile bonyeo kwenye bati la amplifaya, mnadhani iliangushwa? Ni kichwa cha baba yenu mdogo. Walinzi wa ukumbi tuliokuwa tukipiga muziki walikuja na nondo kutunyang'anya amplifaya, mimi nikawatukania mama zao, nondo ikainuliwa kwa ajili yangu, yeye akajitia kati. Wakampigiza hapo mpaka bati likabonyea, zile taa za kioo za kukuza sauti zikapasuka ndani, na damu yake ikanywewa na kitambaa cha spika. Alikufa ameikumbatia. Kitambaa hicho msikibadilishe.

Sasa ifufueni. Mkubwa utafungua mgongo wake, mdogo utaishika plagi mkononi, mwenzako akiiona. Ndivyo tulivyofanya mimi na marehemu: anayeingiza mkono haamini soketi, anamwamini aliyeshika plagi. Mkono wa pili uwe mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Kapasita zilizomo ndani huficha umeme hata plagi ikichomolewa, na umeme huo unaua. Umalizeni kwanza kwa ule waya wangu wenye mpini. Taa za akiba zimo ndani ya soksi, kwenye droo. Asiyeweza kumkabidhi ndugu yake plagi asiguse changu chochote, hata jeneza langu asilibebe.

Ifanyieni hapa, miguuni pangu, leo. Mbona mnatazamana? Mpe plagi. Nimesema mpe… Haya. Vizuri.

Binti yangu, nilaze.

Mkiiwasha msiharakishe, ziacheni taa ziwe nyekundu… kisha mdogo agonge ule waya mnene wa gitaa la besi. Masikio yangu sasa yanazimika, lakini kitanda kitatetemeka, nitajua. Radhi zangu mnazo, wote watatu. Mungu awaweke… awaweke karibu hivyo hivyo.

Mkono mfukoni, mwanangu. Mfukoni…