Caleb Alianguka Kifudifudi

Bwana asifiwe, kanisa. Asanteni. Lakini leo hizo Amina naomba mzitunze kidogo, maana miaka mitatu iliyopita nilisimama hapa hapa, karibu na hiki kinanda, nikawapa ushuhuda, na mlishangilia mpaka Mchungaji akashindwa kuanza mahubiri. Ushuhuda ule haukuwa wa kweli. Sikukusudia kuwadanganya, ndugu zangu, lakini haukuwa wa kweli, na nimekuja kuufuta kwa mdomo ule ule ulioutoa.

Kwa wageni, mimi ni Mama Caleb. Ni nesi, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Baba Caleb ni yule aliyekaa karibu na mlango kama kawaida yake, utadhani anasubiri basi. Na Caleb mwenyewe hahitaji kuonyeshwa, ni huyo kijana pembeni yake anayejaza viti viwili.

Caleb amezaliwa hapa London na amekulia mtaa wa Barking. Ugali anakula, Kiswahili anasikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Alipokuwa na miaka kumi na minne rafiki yake wa shule alimpeleka kucheza ule mpira wa Marekani, ule wa helmeti na mabega ya plastiki. Siku ya kwanza nilipokwenda kutazama nilidhani watoto wanapigana, nikatafuta mtu wa kuwaamulia. Mwalimu wao akanieleza kwamba kijana wangu ana mwili wa kusimama mstari wa mbele na kuzuia wapinzani wasimfikie mrusha mpira. Nikajibu kwamba mwili huo nimeulisha mimi, nashukuru umepata kazi.

Sasa turudi kwenye ile Jumapili. Wengi wenu mlikuwepo. Caleb alikuwa na miaka kumi na mitano. Kwaya ilikuwa imechangamka, vijana wote wako mbele wanaruka, na yeye anaruka nao, jasho linamtoka. Mara akaanguka. Alianguka kifudifudi, uso kwenye zulia, mdomo ukapasuka.

Ndugu zangu, tunajua watu wanavyoanguka katika kanisa letu. Huwekewa mikono, huenda kinyumenyume taratibu, na wahudumu wako nyuma wamekwisha kunyoosha mikono kuwadaka. Siku ile hakuna aliyekuwa amemwekea mikono. Wahudumu walikuwa bado wamekaa. Mtoto alianguka kama gunia, kwa mbele, damu ikatoka, na sisi tukapiga kelele kwamba Roho ameshuka! Mama mmoja akamfunika leso. Tukamzunguka tukaimba. Mimi nesi mzima sikuangalia saa, sikumgusa mshipa, sikuinama hata kusikiliza kama anapumua. Niliinua mikono nikalia kwa furaha.

Baba Caleb alitoka kule nyuma akisukumana na watu, akaniambia tumpeleke mtoto hospitali. Nilimjibu mbele yenu wote kwamba asiuzime moto wa Roho. Mlinishangilia. Yeye akarudi kwenye kiti chake, na tangu siku ile hakulizungumzia tena.

Caleb alipoinuka alikuwa anatazama huku na huku, machozi yanamtoka. Nikamwuliza kama amemwona Bwana. Akatikisa kichwa kukubali. Jumapili iliyofuata nikasimama hapa nikawaambia Mungu amemgusa mwanangu na kumtenga kwa ajili ya jambo kubwa. Huo ndio ushuhuda ninaoufuta.

Jambo kubwa likaja, au mimi nilidhani ndilo. Mwaka jana kocha wa chuo kimoja cha Marekani aliona video za Caleb. Wale wenzetu wana desturi ya ajabu. Kocha mtu mzima, mwenye mvi, anampigia simu kijana wa miaka kumi na saba na kumbembeleza kama anayeposa. Alitupigia kila Jumapili baada ya ibada. Aliniuliza afya yangu na habari za nyumbani, akaniita Mama kwa Kiingereza cha kuvuta. Akaahidi nafasi kwenye timu na masomo ya bure miaka minne. Caleb alimaliza shule mwezi wa sita, na wenzake walipokwenda vyuo vya hapa, yeye alibaki nyumbani kusubiri ahadi hiyo.

Halafu Caleb akatuambia kuna tatizo. Timu ya kocha ilikuwa inafungwa ovyo. Kule, timu inatakiwa kushinda mechi sita ndipo ipewe mchezo wa ziada baada ya msimu kwisha, na wao walikuwa na tano, imebaki mechi moja. Wasipoipata hiyo ya sita kocha atafukuzwa, na kocha mpya atakuja na vijana wake. Ahadi ya Caleb ilikuwa imekaa juu ya kiti cha mtu mmoja.

Mnajua nilichofanya, kwa sababu mlikifanya pamoja nami. Nilileta jina la timu kwenye maombi ya akina mama. Tukafunga siku tatu kwa ajili ya vijana tusiowajua, wa mji tusioujua, wanaocheza mchezo tusiouelewa. Jumamosi ile akina mama tisa mlijaa sebuleni kwangu saa kumi na moja jioni, chapati mezani, hakuna anayekula. Kila walipoangukiana tulikemea. Dada mmoja hapa, simtaji, alikemea robo nzima ya mchezo kabla hajaambiwa kwamba wale wenye nyekundu ndio wetu! Ikafika mwisho, tumebaki na teke moja tu. Mpira ukaruka, ukagonga mlingoti, ukaingia.

Tulipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Siku iliyofuata kocha akapiga simu akiwa anacheka. Kazi yake imepona, timu inaendelea, na Caleb asingoje mwezi wa nane, mwaka wa masomo unapoanza, aje mwezi wa kwanza. Wiki hiyo hiyo zikaja fomu.

Ukurasa wa afya Caleb aliniachia mimi, kwa sababu mambo ya hospitali nyumbani kwetu ni yangu. Nilikaa mezani na kalamu. Swali moja liliuliza kama mchezaji amewahi kuzimia au kuanguka akiwa anafanya mazoezi, anakimbia au anaruka. Nikaandika hapana. Wala sikusita, ndugu zangu! Kuzimia ni ugonjwa, na mwanangu hakuwa mgonjwa, mwanangu aliguswa. Nilimsogezea fomu atie sahihi.

Akaisoma, akaweka kalamu chini. Alichosema alikisema kwa Kiingereza chake, mimi nawapa kwa Kiswahili.

"Mum, siku ile kanisani sikumwona Mungu. Sikuona kitu chochote. Kulikuwa giza tu, halafu mnaimba."

Nikamwuliza kwa nini basi alikubali. Akasema alifumbua macho akanikuta ninalia kwa furaha, na hajawahi kuniona na furaha kama ile. Akaogopa kuniharibia. Kila nilipousimulia ushuhuda wangu yeye alikuwa anakaa kimya pembeni yangu. Halafu akaongeza kwamba msimu uliopita giza lile lilikaribia tena mara mbili uwanjani, akapiga goti moja na kujifanya anafunga kamba za viatu.

Ningependa kuwaambia kwamba niliinuka pale pale nikamkumbatia. Hapana. Nilikasirika. Nilimwambia anamhuzunisha Roho, na kwamba adui anataka kumpokonya nafasi akiwa tayari mlangoni. Nikaifungia fomu kwenye droo. Siku mbili, kanisa! Siku mbili nilikaa na neno lile kifuani nikaenda kazini na kurudi. Niliiona timu imeshinda, niliuona mlingoti ule, nikasema Mungu hawezi kutufikisha pale halafu aturudishe.

Siku ya tatu nilikuwa wodini. Walileta binti wa miaka ishirini kutoka kwenye mbio, na kazi yangu ilikuwa kumjazia karatasi. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Nikafika kwenye swali ambalo nimewauliza wagonjwa miaka kumi na tisa, na kinywa changu kikamwuliza, umewahi kuzimia ukiwa unakimbia au unaruka?

Ndugu zangu, nilisikia sauti yangu mwenyewe. Ningekuwa kazini na mama akaniletea mtoto aliyeanguka kifudifudi katikati ya kuruka, bila kujikinga hata kwa mikono, ningekuwa nimebonyeza kengele kabla hajamaliza sentensi. Mtoto wa mwenzangu ningemkimbilia. Wangu nilimfunika leso. Na ilikuwa Alhamisi, siku ya mazoezi, na saa ile Caleb alitakiwa awe uwanjani.

Nilimwachia mwenzangu yule binti nikatoka koridoni nikampigia Baba Caleb. Nilimwambia akimbie akamtoe mtoto uwanjani, sikuweza hata kueleza kwa nini. Akanijibu polepole, kama anavyojibu kila kitu.

"Hajaenda. Viatu vyake ninavyo mimi kwenye begi tangu juzi."

Kumbe juzi alikuwa chumba cha pili na alisikia kila neno. Hakugombana nami. Alichukua viatu vya mtoto akaenda navyo kazini, akarudi navyo, akaenda navyo tena. Mwanamume niliyemnyamazisha mbele ya kanisa hili! Nililia pale koridoni mpaka dada mkuu akaja kuniuliza nani amefariki.

Jioni ile ile niliingia na Caleb idara ya dharura, bado nimevaa sare ya kazi. Walimpima moyo. Aliyempima alikitazama kipimo, akatoka, akarudi na daktari, na mimi nikajua, maana ndivyo tunavyofanya sisi. Daktari alieleza kwamba umeme wa moyo wa Caleb una hitilafu aliyozaliwa nayo. Anapojikaza sana, moyo unaweza kupoteza mwendo ghafla. Mara nyingine unarudi wenyewe. Mara nyingine haurudi. Akauliza ilianza lini, nikamweleza ile Jumapili. Akauliza alipoanguka alihudumiwa na nani, alifanyiwa nini.

Nikajibu, "Tulimwimbia."

 Daktari aliandika. Naomba mjue kwamba hakunidharau, alinisogezea kiti. Lakini nimekaa na jibu langu lile kila siku tangu hapo, na bado linanishtua kama mara ya kwanza. Mwanangu alilala kwenye zulia hili moyo wake ukiwa umepotea njia, na mama yake alikuwa anaimba juu yake! Akainuka. Kwa mkono wa nani, kama si wa Bwana? Halafu akacheza miaka mitatu, wanaume wenye miili ya makabati wakimgonga kifuani, na kila mara akarudi nyumbani kuuliza chakula kiko wapi.

Nilimpigia kocha mwenyewe. Nilimwambia yote, hata ile hapana niliyoiandika. Akaniambia nimkumbatie mtoto kwa niaba yake. Baada ya wiki ikaja barua ya heshima kutoka chuoni kwamba nafasi haipo tena. Timu ilicheza mchezo wake wa baada ya msimu na ikapigwa vibaya. Caleb aliutazama wote. Alisema upande wa kushoto wa mstari wa mbele ulikuwa unavuja, na sote tulijua pale ndipo angesimama yeye. Kisha akainuka akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa, na hapo nikajua anaumia.

Kwa hiyo sikuja kuwaambia kwamba kila kitu kimekuwa kitamu. Mwanangu amepoteza alichokipenda. Ana kifaa chini ya ngozi ya kifua kinachoulinda moyo wake, ana vidonge, na ana huzuni ambayo maombi yangu hayajaiondoa. Lakini sikieni hili. Tulifunga siku tatu timu ishinde ili Caleb aende. Mungu akaipa ushindi, na ushindi ukaleta fomu, na fomu ikaleta swali, na swali likamfungua mtoto kinywa. Timu ingefungwa, kocha angefukuzwa, ningelia wiki moja, na Caleb angerudi kucheza mazoezi ya Alhamisi na ule moyo. Mara ngapi zaidi? Sithubutu kuhesabu.

Baba Caleb, nilikunyamazisha hapa mbele ya watu, na hapa mbele ya watu nakuomba msamaha. Caleb, furaha yangu si mzigo wako. Ukiona giza, sema giza.

Na ninyi mnaoogopa kwamba ukweli utamwaibisha Mungu, mwaminini zaidi ya hapo. Niliogopa neno moja kwenye fomu, na neno lile ndilo alilolitumia kumponya mwanangu. Mleteeni jambo lenu jinsi lilivyo, pamoja na damu yake ya mdomoni, naye atalipokea.

Sasa kwaya itaimba, na vijana watakuja mbele. Caleb ataimba akiwa amesimama, daktari ameruhusu. Lakini akianguka, kanisa, nawasihi, msinishangilie. Mmoja apige simu ya gari la wagonjwa. Mimi nitakuwa nimeshapiga magoti nikimkandamiza kifua. Baba Caleb yuko mlangoni atawaonyesha njia watakaokuja. Na ninyi wengine wote, hapo ndipo muimbe.