Elieza Matonya, Kirangozi wa Mlali na Njia ya Marenga Mkali

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutusitiri, Elieza Matonya tunayemzika leo alizaliwa hapa hapa Mlali, mwaka ambao hakuna aliyeuandika. Mchungaji alikadiria 1856. Marehemu alicheka, akamwomba arudishe nyuma miaka miwili, maana magoti yake yalijua zaidi. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Chilewa, mfugaji.

Utotoni hakukaa darasani. Alijifunza kusoma mwaka 1909, mwaka aliobatizwa, akiwa na mvi kichwa kizima, na alisoma kwa kidole, polepole, kana kwamba kila mstari una miiba. Shule yake ya kwanza ilikuwa njia ya Mpwapwa hadi Kilimatinde. Aliingia akiwa mpagazi, akabeba mizigo miaka kumi na miwili, na mwaka 1884 akakabidhiwa bendera, akawa kirangozi.

Vijana mliokulia kwenye mlio wa gari moshi mtadhani kirangozi ni mkubwa wa safari. Sivyo. Mkubwa ni mwenye mali. Kirangozi ni yule anayejua njia na kuitangulia, anayejua kisima gani kina maji mwezi gani, na mtu akithubutu kumpita mbele anatozwa mbuzi. Neno lenyewe lilihamia hata majumbani mwetu. Ng'ombe anayewapeleka wenzake kunywa tulimwita kirangozi. Mwanamke anayetoka wa kwanza kwenda kisimani, kirangozi. Mtoto mlafi alikuwa kirangozi wa ugali, na alilia akiitwa hivyo.

Marehemu alimwoa Loisi mwaka 1880, wakajaliwa Yotham na Hana. Mtu huyu aliyejua visima vyote vya Ugogo hakuwahi kujua jembe lake liko wapi. Alisimama katikati ya nyumba akizungusha macho, na mkewe akamwambia, "Kirangozi, tazama chini. Umelikanyaga." Nyumba ile ilikuwa na kicheko kingi.

Tunalosema sasa ni zito, lakini mjane ametaka lisemwe. Kazi kubwa ya kirangozi ni kufunga njia. Panapogawanyika njia mbili, hukata tawi lenye majani na kulilaza juu ya ile isiyofaa, ili walio nyuma, hata wakichelewa nusu siku, wasipotee. Agosti 1902 marehemu aliongoza msafara kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji. Yotham, mwenye miaka ishirini, alikuwa mkiani na mzigo wake. Ilikuwa safari yake ya kwanza. Kwenye njia panda hapakuwa na mti karibu, na maji ya vibuyu yalikuwa yanakwisha. Marehemu akachora mstari kwa fimbo katika vumbi, akapita. Upepo wa Agosti mnaujua. Ulifuta mstari. Yotham alikuwa amesimama kufunga upya mzigo wake, akaachwa, akashika njia iliyokuwa wazi. Walimpata siku ya tatu, kiu imekwisha kummaliza.

Marehemu alirudi nyumbani bendera ikiwa imekunjwa kwapani. Loisi alikuwa anatwanga. Akauliza, "Yotham yuko wapi?"

"Sikuifunga njia," alimjibu.

Mke wa kirangozi hahitaji kuelezwa zaidi. Tangu siku hiyo hakumwita tena kirangozi. Alimpikia, alimfulia, aliketi naye kanisani, lakini juu ya jambo lile hakusema neno miaka kumi na mmoja. Naye marehemu hakuongoza msafara mwingine. Kila kiangazi alitembea siku mbili hadi njia panda ile, akabeba tawi kutoka mbali na kulilaza. Reli ilifika Dodoma, misafara ikakoma, watu wakamcheka kwamba anawafungia njia digidigi. Aliendelea kwenda.

Mwezi uliopita alirudi na homa ya kifua. Dawa za misheni na mizizi ya nyumbani hazikumsaidia. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 3 Septemba 1913, alimshika mkewe mkono akamuuliza, "Mama Hana, umenisamehe?" Loisi alikuwa na jibu. Lakini midomo ya mgonjwa ilikuwa imekauka, akasema, "Ngoja nikuletee maji kwanza." Aliporudi na kata mkononi, marehemu alikuwa amekwisha kata roho.

Ameacha mjane, Loisi, binti, Hana, dada, Raheli, na wajukuu watatu. Mwanawe Yotham alifariki kabla yake. Tunamwomba Mungu ampe pumziko jema.

Hana ameandika maneno haya kwa kutajiwa na mama yake, na yanasomwa na mpwa wa marehemu. Loisi anaomba, kabla udongo haujarudishwa, tumsomee mumewe jibu lake, kwa sauti ya kutosha:

"Ndiyo, mume wangu. Nilikusamehe mvua za kwanza baada ya msiba, nilipokuona unapanda mahindi na unalia. Ningekuambia siku ile ile. Nilidhani tuna siku nyingi."