Aliyemfutia Mama Dawa za Magoti

Benchi la Rashid muuza kahawa liko nje ya geti la hospitali mjini Meru, na hakuna ugonjwa ambao halijawahi kuutibu kwa mdomo. Kahawa ni chungu, tangawizi tele. Wakaaji wa kila siku ni Gitobu, aitwaye Profesa kwa kuwa aliwahi kufagia maabara ya shule, na Ndwiga, yaani Wakili, ambaye kesi yake pekee alishindwa. Asubuhi hiyo Salesio, mkulima wa viazi wa Kibirichia, alikaa katikati yao amefura kwa hasira. Mama yake alikuwa amelazwa, na juzi mfamasia alikuwa amemfutia dawa za magoti kwenye faili, daktari akiangalia tu.

— Mtu wa dirishani! Salesio akafoka. Kazi yake si ni kupeana dawa na kusema moja asubuhi, moja jioni? Wadi alitumwa na nani?

— Siku hizi wanazunguka na daktari kitanda kwa kitanda, Rashid akasema akimimina. Wanasoma faili, wanauliza maswali.

— Maswali gani! Wakili akadakia. Daktari ameandika, imeandikwa. Hiyo ni kesi! Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Na mwenyeji haponi! Mama analia magoti tangu juzi!

— Dawa zimeisha stoo, Profesa akanong'ona. Wakikosa kitu wanasema ni kibaya.

— Zimeisha wapi? Zimeuzwa! Wakili akasema. Saa hii ziko Moyale, wanapewa ngamia!

— Na vile ngamia hupiga magoti, zitawafaa, Rashid akasema.

Salesio hakucheka. Mama alikuwa amemshika mkono akamwambia, "Wameninyima." Mtoto gani anaambiwa hivyo akanyamaza?

— Lakini mimi si mjinga, akasema. Zile zake za magoti zilizobaki nyumbani nimemletea. Jana mchana, na leo asubuhi. Nazisaga naweka kwa uji, nesi anadhani ni sukari. Mbili mbili.

— Mwanaume! Wakili akampiga mgongo. Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe!

Dada mmoja mwenye koti jeupe akaja mbio kutoka getini, faili kwapani.

— Samahani wazee. Natafuta Salesio, mtoto wa Mama Karwirwa.

Salesio akasimama, kifua mbele.

— Ni mimi. Na wewe ndio ulimfutia mama dawa!

— Ndio mimi. Zile za maumivu zinaumiza figo, na figo zake zimechoka. Jana asubuhi zilikuwa zimeanza kurudi sawa. Tangu jioni hajakojoa hata tone. Nimerudia hiyo faili yote nitafute pahali nilikosea, sioni.

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomkata Salesio maini.

— Mzee, kuna kitu mama anakunywa chenye hatukumpa sisi?

Wakili akatazama kikombe chake. Profesa akaanza kuhesabu bodaboda. Hasira ilikuwa bado imemjaa Salesio, ila sasa haikuwa na wa kumwangukia isipokuwa yeye mwenyewe.

— Mzee, niambie. Daktari ananingoja kitandani.