Mhandisi Dorotea Yakobo Mhoja na Bomba la Mwalukale (1971–2025)

Ndugu na majirani mliokuja kutusaidia kumsindikiza dada, mimi ni Mihayo, mdogo wake wa mwisho. Dorotea alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Mwalukale, Misungwi, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Yakobo Mhoja na Mama Evelina.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari mjini Mwanza. Mwaka 1998 alihitimu uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2002 alirudi kutoka Japani, alikosomea namna ya kulaza mabomba makubwa ya maji penye matetemeko. Ubishi hakuusomea, huo alizaliwa nao.

Kazi iliyomletea lawama ni bomba la kutoka ziwani hadi hapa, mwaka 2003. Njiani lilivuka ufa wa ardhi, mahali ambapo pande mbili zinaweza kusogea na kupishana. Dorotea aliagiza mtaro uwe mpana na ujazwe mchanga mlegevu, usishindiliwe, ili ardhi ikisogea bomba lipate nafasi ya kujipinda lisikatike. Nyapara wa kazi, Bwana Elias Kashindye, hapendi kazi ya ovyo. Aliona aibu kuuacha mchanga umelegea, akaushindilia ukawa kama sakafu! Dorotea akaamuru mita mia mbili zifukuliwe. Maji yakachelewa wiki sita. Kijiji kilinuna, na Mama alichekwa kisimani: "Hivi binti yako kasomea kuchelewesha maji?" Mama alikasirika kwelikweli. Miaka ikapita, lakini kila Dorotea alipokuja likizo alisomewa na Mama zile wiki sita. Jambo hilo lilimuuma dada kuliko alivyoonyesha.

Elias naye alinuna mwezi mzima, kisha akaja kuomba aelezwe vizuri. Maelezo yalikuwa marefu, maana tarehe 12 Juni 2004 walifunga ndoa. Walijaliwa Winnie na Alexander.

Mwaka 2023 Dorotea aligundulika ana saratani ya matiti. Alitibiwa kwa uvumilivu, huku akiwashauri manesi kuhusu mabomba ya nyumba zao bila kuombwa. Tarehe 6 Februari mwaka huu, akiwa wodini, ardhi ilitetemeka. Hapa kijijini kuta zilipasuka, na pale penye ufa ardhi ilisogea shubiri mbili. Dorotea alimpigia Mama. Alipohakikishiwa kwamba watu wote ni wazima, akauliza kwa sauti ndogo, "Mayu, na maji je?"

Mama alitoka uani, akafungua koki, akaisogeza simu karibu na maji yanayotoka. "Sikia mwenyewe, mwanangu. Nisamehe, nilikulaumu bure."

Mimi nilikuwa wodini, nimekaa kitandani pa dada. Alilia, akacheka, kisha akaomba uji, na alikuwa amekataa chakula siku tatu.

Alifariki tarehe 19 Machi 2025, saa kumi alasiri, akiwa ametulia.

Ameacha mume, Elias; watoto, Winnie na Alexander; Mama Evelina; na wadogo zake wawili, Selina na mimi.

Mungu ampe pumziko jema. Ameondoka na radhi ya mama yake.