Fundi Klementi Mabrouk, Aliyerudisha Sauti Nyumbani

Ndugu waombolezaji, majirani wa Mkunazini na Bububu, na nyinyi mliotoka Bwejuu tangu alfajiri: tumekuja kumsindikiza Klementi Mabrouk, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi tu, kana kwamba mji huu haukuwa na fundi mwingine.

Alizaliwa Bububu, Jumanne tarehe 14 Juni 1921, mtoto wa pili wa marehemu Mabrouk Feruzi na marehemu Bi Perusi. Baba yake alikuwa mchochea moto wa treni ya Bububu, na hadi anaingia kaburini aliamini kwamba mashine ya maana ni ile inayotikisa ardhi. Mwaka 1964 Klementi alimpelekea redio ya mfukoni aione. Mzee aliigeuzageuza kiganjani, akauliza injini yake iko wapi. Klementi akafungua mgongo wa redio, akamwonyesha transista, kitu kidogo kama kichwa cha njiti ya kibiriti. Mzee akairudisha. "Basi hata mbu ana injini," akasema, akaendelea na kahawa yake.

Alisoma shule ya misheni hapa Mkunazini kuanzia mwaka 1929 hadi 1936. Dada yake, Bi Mwanapili, bado anaitunza karatasi ambayo mwalimu aliandika: "Akili anayo, lakini inakaa dirishani." Karatasi hiyo ilimponza nyumbani, lakini mwalimu hakukosea. Klementi alikuwa mtu wa ndoto za mchana. Ungeweza kumwita mara tatu, akakujibu "Naam" kwa adabu zote, nawe ukajua kabisa kwamba bado hajafika.

Mwaka 1937 aliingia duka la magramafoni huko Hurumzi, kufagia kwanza, kisha kushika bisibisi. Mwaka 1952 alifungua chumba chake mwenyewe karibu na Darajani, akakigawana na rafiki yake wa maisha, Bakar Duni, fundi saa. Redio za siku zile zilikuwa kubwa kama kabati, na ndani yake mlikuwa na taa za kioo zilizochemka hata paka wakapenda kulala juu yake. Kisha zikaja za transista. Klementi aliziua tano za mwanzo, na hilo alilisema mwenyewe bila haya. Alikuwa amezoea pasi ya kulehemu iliyopashwa kwenye makaa, na transista haitaki joto. Ukiizidishia inakufa kimya kimya, haitoi hata moshi. Mwishowe akajifunza kuubana mguu wa transista kwa koleo dogo, ili joto liishie kwenye chuma. Koleo lenyewe lilikuwa la mkewe, la kung'olea nyusi, na mkewe hajarudishiwa mpaka leo.

Redio hizo hazikuhitaji umeme wa ukutani. Mawe manne ya betri yalitosha, na kwa hiyo sauti za dunia zikafika mashamba ambako nguzo za umeme hazijafika. Kila mwezi Klementi alipanda lori kwenda Bwejuu na mfuko wake wa vyombo, akazitoa redio za watu mchanga na chumvi. Wanafunzi wake wote aliwafundisha kanuni moja ya kutafuta mkwaruzo ndani ya redio: usibahatishe, sogea karibu, sogea mbali, na pale unapozidi, hapo ndipo penye ugonjwa.

Alifunga ndoa na Bi Tabia, mshonaji wa Vikokotoni, Jumamosi tarehe 28 Aprili 1945. Walijaliwa binti mmoja, Shemsa. Mwaka 1958 Bi Tabia aliugua homa kali, akapona, lakini masikio yakaanza kufifia. Ilipofika mwaka 1964 alikuwa hasikii ila kwa kupigiwa kelele. Alikwenda sokoni, wauza samaki wakamtajia bei kwa sauti ya kuita watu wa ng'ambo, na Darajani nzima ikajua kwa Fundi leo kunapikwa nini. Watu walicheka, naye alicheka nao. Nyumbani hakuwa akicheka. Mji mzima ulimpelekea Klementi redio bubu zikapata kusema, na nyumbani mwake mwenyewe hakuwa na wa kuongea naye. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Mwaka 1966 alimtengenezea mkewe kifaa cha kwanza cha kusikilizia kwa transista za redio tatu zilizokufa. Kilikaa ndani ya kikapu cha ukili, na waya ukapanda hadi sikioni. Bi Tabia alisikia bangili zake, akasikia kunguru, akalia. Jumapili ya Matawi akaja nacho kanisani. Katikati ya mahubiri kikapu kikapiga mluzi mrefu, padri akanyamaza, watoto wakaangalia juu kutafuta ndege. Bi Tabia alikuwa ameona midomo ya padri imesimama, akadhani mahubiri yamekwisha, akaitikia "Amina" kwa nguvu zote. Padri alisimulia kisa hicho kwa miaka, na hakuwahi kukilalamikia. Kikapu kile kilifanya kazi miaka mitatu, kisha transista zikachoka, na za kubadilisha hazikupatikana madukani.

Klementi hakukata tamaa. Aliota tu zaidi. Mwaka 1970 afisa wa redio wa meli moja ya mizigo alimwonyesha gazetini picha ya chembe ndogo kuliko punje ya mchele, akamweleza kwamba wenye viwanda wanapanga humo transista kwa makumi, zimeunganishwa bila waya hata mmoja. Tangu siku hiyo Klementi aliweka punje ya mchele juu ya kitambaa cheusi, akawa anaitazama kwa lenzi ya Bakar.

"Unaipika au unaisoma?" Bakar alimuuliza.

"Nnaangalia nyumba ngapi zingeenea humu."

Alisema iko siku redio itaenea kwenye kifungo cha shati, na simu mtu ataitia mfukoni pamoja na tasbihi yake. Watu wa barazani walimwambia apunguze jua. Mwaka 1971 yule afisa alirudi akamletea zawadi: kifaa cha kusikilizia cha marehemu mama wa afisa mwenyewe, kimekufa, kidogo kama sanduku la kibiriti, na ndani yake imo chembe ile ile. Klementi alikaa nacho mbele yake siku nzima bila kukigusa. Alipokifungua aliona kwamba chembe yenyewe haifunguki wala haitengenezeki. Kazi ya fundi ni kuiamini, na kutafuta kosa katika vinavyoizunguka. Waya ulikuwa umekatika, na kutu imekula mahali pa betri. Ilipofika Oktoba kifaa kilikuwa kizima.

Hapa familia imeona isimfiche mtu kitu, kwa sababu yeye mwenyewe mwishoni hakuficha. Tangu mwanzo wa mwaka huo huo kifua chake kilikuwa kimeharibika. Daktari alikwishamwambia kwamba ugonjwa umekwenda mbali na dawa zitamtuliza tu. Hakumwambia mkewe. Alilala ubavuni pa mwanamke asiyesikia, akakohoa atakavyo, na asubuhi akajipangusa na kutabasamu. Mkewe alipouliza habari za kifaa alijibu kwa ishara kwamba bado kinakwaruza. Kila wiki bado kinakwaruza. Krismasi ikapita, na kifaa kizima kimelala mtotoni mwa meza, kimefungwa ndani ya leso.

Bakar ndiye aliyeigundua siri hiyo.

"Kifaa kishapona zamani. Unamnyima nini mkeo?"

"Akivaa atasikia kifua changu, Bakar. Hicho ndicho cha kumpa?"

"Na asipovaa hatosikia chako chochote tena. Hebu fanya hesabu mwenyewe, bwana weye."

Klementi alichukua miezi kuifanya hesabu ile, na aliogopa. Aliwahi kumwambia dada yake kwamba hajawahi kuogopa kitu kama alivyoogopa kisanduku kile.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 3 Aprili 1972, baada ya chakula cha mchana, aliifungua ile leso na kumvisha mkewe kifaa kwa mkono wake. Bi Tabia alisikia maji mtungini. Akasikia watoto wa jirani wakigombana, akafurahi kama kapewa shilingi. Kisha akakunja uso.

"Baba Shemsa, kweli bado kinakwaruza."

Bi Tabia alikuwa amemshikia mumewe taa na kumpokeza vyombo miaka mingi, na kanuni aliijua. Akakishika kisanduku mkononi, akakisogeza dirishani: mkwaruzo ukapungua. Akakisogeza mezani: ukazidi. Akakileta kifuani pa mumewe, akakiweka hapo, akasikiliza.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwaka jana."

"Na ukinificha kwa masikio yangu mwenyewe!"

Alimkasirikia siku tatu, na alikuwa na haki. Siku ya nne aliketi karibu naye, akamwambia aseme yote aliyokuwa hayasemi kwa kuchoka kupiga kelele. Walikuwa na miezi minne. Wapitao njia waliwasikia wakizungumza kwa sauti ndogo, kama wachumba wanaoogopa wazee. Bi Tabia aligundua pia kwamba mumewe alikuwa akiimba kazini, na kwamba hajui kuimba.

"Miaka yote hii ulikuwa ukiimba hivi, na hapana aliyekwambia?"

"Mimi nlidhani wewe ndo ungenambia."

Klementi Mabrouk alifariki nyumbani kwake Mkunazini, Jumatano tarehe 9 Agosti 1972, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Mkewe alikuwa pembeni yake, na kisanduku kiko kifuani pa mumewe kama alivyozoea kukiweka. Chumba kilikuwa kimejaa watu, na Bi Tabia ndiye aliyejua wa kwanza.

Ameacha mjane, Bi Tabia, binti, Shemsa, pamoja na mume wa Shemsa, wajukuu wawili, dada yake, Bi Mwanapili, rafiki yake Bakar, ambaye familia inamhesabu ndugu, wanafunzi saba wa ufundi, na redio kumi na moja zisizochukuliwa, ambazo wenyewe wanaombwa wazifuate.

Ameacha pia kopo la betri ndogo za kisanduku cha mkewe, na juu yake kaandika kwa mkono wake siku ya kubadilisha kila moja. Tarehe zake zinafika hadi Machi mwaka 1975. Bakar ameahidi kuzibadilisha na kutafuta nyingine. Kwa hiyo, ndugu zetu, mtakapokwenda kumpa mkono Bi Tabia baada ya mazishi, tunawaomba jambo moja ambalo marehemu aliliomba mwenyewe wiki iliyopita: msimpigie kelele. Semeni pole kwa sauti ya kawaida. Anawasikia.

Klementi, pumzika. Kifua chako sasa kimetulia.