Alionzi wa Kiti cha Kushoto

Leo Jumamosi, tarehe 31 Januari 2026, fundi mkuu wa gereji yetu ya rali hapa Arua, Mzee Alionzi, anaweka spana chini. Amefanya kazi hapa miaka ishirini na minane, na miaka hiyo yote mimi Hawah, mpishi wa gereji, ndiye niliyempikia chai. Watu wa klabu ya rali walitaka maneno haya ya kumuaga aandike mtu mwenye diploma. Alionzi akasema aandike Hawah au asiandike mtu. Basi kaeni msome. Na nyinyi mliosimama kule nyuma mkichungulia masufuria, acheni. Chakula hakitoki sasa, na sababu nitaisema mbele.

Alionzi ni mzaliwa wa Kuluva. Ufundi aliupata Koboko, chini ya malori yaliyokuwa yakienda Sudani na Kongo, amelalia gunia, mafuta yanamdondokea usoni. Gari la mashindano alikuwa hajaliona hata siku moja. Tajiri wetu Onzima alipomleta hapa mwaka 1998 na kumwonyesha gari la rali, Alionzi alilizunguka, akachungulia ndani, akauliza viti vya nyuma vimeibiwa na nani. Watu wakacheka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Alivua shati, akaingia chini ya gari, na alipotoka jua lilikuwa linazama.

Tangu siku hiyo ametengeneza magari ya madereva watano. Amewasindikiza Jinja, Mbarara, Gulu, Fort Portal, amelala juu ya matairi, amenyeshewa, ameumwa na malaria njiani na kukataa kurudi nyumbani. Vikombe viko kabatini, nendeni mkavione, lakini msivishike kwa mikono ya mafuta. Mimi vikombe sivijali sana. Ninalomshukuru halimo kabatini. Madereva watano, na wote watano mpaka leo wanatembea kwa miguu yao wenyewe.

Hilo halikuja bure. Dereva wetu wa kwanza alikuwa Natale. Siku moja gurudumu lilimtoka karibu na Inde, gari likapinduka, akavunjika mfupa wa bega. Alionzi alikwenda kumtafuta fundi aliyekaza gurudumu lile. Akamkuta nyumbani kwake, ameweka miguu kwenye kiti, anakula. Hakumpiga. Alirudi gerejini akasema neno moja ambalo limekuwa sheria yetu: aliyekaza ndiye anayepanda kwanza. Fundi akimaliza gari, anavaa helmeti, anakaa kiti cha kushoto, na dereva anakwenda naye mwendo wa rali kwenye njia ya vumbi inayotoka nyuma ya gereji kwenda kukutana na barabara ya Koboko. Wakirudi salama, ndipo gari linakwenda kwenye mashindano.

Sasa wengi hamjui kwamba Alionzi anaogopa mwendo. Anaogopa kuliko mimi! Mara ya kwanza alitapika mlangoni kabla hata hawajatoka getini. Baadaye akazoea kutapika wakirudi. Anafumba macho, mkono mmoja umeshika mlango, mwingine umeshika rozari yake, na kinywa hakinyamazi: "Polepole, wewe mtoto! Mimi nina wajukuu!" Vijana wa steji ya bodaboda walikuwa wakimngojea arudi. "Mzee, umerudi na roho yako?" Naye anajibu, uso umekuwa kama majivu: "Ya kwangu iko. Ya kwako uliiacha kwa mama mkwe." Halafu anakuja jikoni, anaketi, anamaliza vikombe viwili vya chai.

Lakini hakuna siku aliyokataa kupanda. Na hakuna siku aliyomwambia fundi mwingine apande badala yake kwa gari alilolikaza yeye.

Dereva wa tano ni Shamirah, mjukuu wangu, niliyemlea mimi. Sijawahi kumpa ruhusa ya kuendesha. Aliichukua. Siku yake ya kwanza na Alionzi walirudi upesi, Alionzi akasema kuna kitu kinagonga ndani. Akafungua mlango wa kushoto wote, akatoa kila kitu, akafungua na dashibodi, mafundi wanne wanamzunguka na tochi kama madaktari. Wakatoa donge la simsim, ule ufuta uliokandwa na sukari, limekauka kama jiwe. Nilimpa mimi Shamirah ale njiani. Alionzi aliliosha, akaliweka kwenye sahani, akaja nalo kwangu mbele ya watu wote. "Mama Hawah, nimepata ugonjwa wa gari. Unaitwa haboba." Haboba ni bibi kwetu Wanubi, na ndivyo vijana wa gereji wanavyoniita. Nilimnyima chai siku nzima.

Nacheka nikiandika hapa, lakini msidhani nina furaha. Naogopa. Tangu Krismasi naogopa.

Msimu unaanza Machi, na Arua nzima imekuwa ya waganga wanaotabiri nani anahamia timu gani. Redioni wanasema Alionzi amechukuliwa na timu ya Kampala, eti huku kustaafu ni kuwafunga watu macho. Stejini wanasema dereva humfuata fundi wake, kwa hiyo Shamirah naye ameshafunga begi. Sokoni wanasema Onzima anamuuzia gari Muzamili wa Koboko, yule ambaye Shamirah humwachia vumbi kila mwaka. Mwanamke mmoja alinifuata mpaka mlangoni pa msikiti, hata viatu sijavaa, ananiuliza kama ni kweli Jovia anahama. Jovia ni msoma ramani wa mjukuu wangu, anayekaa kushoto siku ya mashindano. Nilimwambia aulize kwanza mume wake huwa anahamia wapi jioni.

Mnataja majina kama mnataja wachezaji wa mpira. Huyu aende huku, yule akae pale. Kwenu ni kiti tu. Mimi ndani ya kile kiti nina mtoto.

Basi sikieni ukweli. Alionzi mwenyewe ameniambia andika, maana akinyamaza watasema amenunuliwa.

Mwezi wa Desemba, kabla ya rali ya mwisho, Alionzi alikaza magurudumu kwa mkono wake. Asubuhi yake akakaa kiti cha kushoto kama kawaida, wakaondoka. Hawajafika mbali, akasikia gurudumu la nyuma linagonga. Shamirah anasema yeye hakusikia kitu. "Simama," Alionzi akamwambia. "Simama, mama." Akashuka, akapiga magoti kwenye vumbi, akashika nati. Ikazunguka kwa vidole kama kifuniko cha chupa. Na ya pili yake vilevile.

Shamirah anasema mzee alikaa chini palepale kando ya njia akaangalia mikono yake. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi tangu mvua za Agosti, na hakuwa amemwambia mtu. Spana alikuwa anaishika, lakini pale nati inapokataa kwenda mbele, vidole havikumwambia tena. Daktari amesema mishipa imechoka. Siku ileile alikwenda kwa Onzima. Onzima akamsihi abaki, awe mkubwa wa kusimamia tu, wengine wakaze. Alionzi akakataa. "Mutu ambaye vidole yake inamudanganya asikae karibu na gari ya mutoto wa watu. Atajaribu tu kushika."

Hapo nilimgombeza. Miezi yote hiyo unakunywa chai yangu na vidole vimekufa, na unanyamaza? Nilimgombeza mpaka akavua kofia. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikashika ukuta. Angekuwa fundi mwingine, yule wa miguu juu ya kiti, mtoto wangu angeondoka na gurudumu lile mpaka kwenye mashindano. Alionzi alikosea, na Alionzi huyohuyo alikuwa amekaa ndani ya kosa lake, macho amefumba, anasikiliza. Ndiyo maana leo Shamirah yuko hapa na helmeti mkononi, na mimi nina sababu ya kupika pilau badala ya chakula cha matanga.

Huyo ndiye anayestaafu. Haendi Kampala. Anakwenda Kuluva kulima muhogo.

Fundi mkuu mpya ni Lawrence, na hilo redio ililitangaza bila kukosea. Ni kijana wa Koboko, amesomea kazi Kampala. Nimekaa mlangoni siku nyingi nachambua mchele huku namtazama, na sina la kumsingizia. Mikono yake ni mizuri. Haachi kitambaa ndani ya injini, hapigi kelele, anaosha vyombo vyake. Ana spana inayolia tak nati ikifika mwisho. Vizuri sana. Lakini nilipomuuliza atapanda lini, alicheka.

"Haboba, hiyo ilikuwa kazi ya zamani. Hii spana iko na akili, haidanganyi. Mimi fundi, si abiria."

Nikamuuliza: "Spana yako imeshawahi kupinduka na gari?"

"Haboba jameni!"

"Jibu."

"Hapana."

"Basi haijui kuogopa. Siiamini."

Akainama akaendelea na kazi, na nikaona jasho linamtoka shingoni, na jua lilikuwa bado halijapanda. Nikajua si habari ya spana. Lawrence mwanangu, kama ni woga, sema ni woga. Huyo mzee unayerithi meza yake ametapika kwenye gari hilo kuliko watoto wote wa Arua. Hakuna aliyemcheka ila watu wa boda, na hao wanacheka hata kwenye mazishi.

Habari ya Kampala nayo ina kichwa na mkia. Timu ya kule imempigia simu Shamirah, na gari lao ni jipya kuliko letu. Nilimuuliza ameamua nini. Alikuwa anafua soksi zake, hakuinua kichwa. "Lawrence akikaa kushoto, mimi iko hapa. Asipokaa, naenda. Kama ni kuendesha gari ya mutu aliyekaza akaenda kulala, si bora iwe mpya?"

Mmesikia, nyinyi waganga? Hakuna siri nyingine. Mjukuu wangu kubaki au kuondoka kumening'inia kwenye kiti kimoja. Akiondoka, atakwenda kukaa ndani ya gari la watu ambao hata majina yao siyajui, na mimi nitakuwa hapa na redio. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kwa hiyo ratiba iliyochapwa nyuma ya karatasi hii ina kosa. Wameandika sala, hotuba, chakula. Si hivyo. Ni sala, hotuba, Lawrence, chakula. Gari liko nje, limeelekea njia ya vumbi. Lawrence alilikaza jana mwenyewe, nilimwona. Shamirah ameshavaa. Watakwenda mpaka njia inapokutana na barabara ya Koboko, kisha warudi. Mpaka nisikie limerudi, sufuria ya pilau haifunuliwi, uwe mheshimiwa, uwe padri wa Ediofe, uwe sheikh. Funguo za stoo ya sahani nimezifunga kiunoni, na sijaona mwanamume hapa wa kuzichukua.

Lawrence bado hajanijibu. Anasoma maneno haya sasa hivi pamoja nanyi. Msimtazame sana.

Na wewe, Mzee Alionzi. Klabu inakushukuru, Onzima anakushukuru, madereva watano wanakushukuru, na Natale ametuma salamu kwa bega lake lililopona vibaya. Mimi kushukuru sijui sana, najua kugombeza. Lakini kwa kila siku uliyorudi jikoni kwangu na uso wa majivu, ukakaa ukanywa chai, nilijua mtoto wangu atarudi pia. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunipa kitu kama hicho, hata marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, na alikuwa mtu mzuri.

Helmeti yako nimeipangusa. Iko juu ya kiti cha kushoto, inamngoja Lawrence. Usiende kuivaa, nakujua.

Njoo ukae hapa karibu na jiko, kwenye benchi langu. Hapa ndipo ninapokaa kila gari likiondoka. Miaka ishirini na minane umeogopa kule ndani ili mimi niogope kidogo huku nje. Leo ogopa na mimi, uone kama ni kazi rahisi. Kesho nenda Kuluva kwa amani, muhogo wako ushike ardhi, wajukuu wakuchokoze, mishipa ipate joto, na Mungu, ambaye ni mmoja kwako na kwangu, akuache uzeeke taratibu, mwendo ule uliokuwa unaulilia siku zote.

Chai nimeshaimimina. Shika kikombe kwa mikono miwili, kina moto na hutausikia. Sasa nyamaza, tusikilize gari.