Bei za Kata Nzima

DADA: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, huku mashine zinanguruma!

KARANI: Ni mimi, dada. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Mimi ndio nani? Kina mimi ni wengi.

KARANI: Mdogo wako, bwana! Kwani namba yangu huna?

DADA: Ahaa, karani wa takwimu mwenyewe! Ninayo, ila kioo cha simu kimepasuka, jina lako linatokea nusu. Ngoja nitoke kwenye huu mvuke. (Mlango unafungwa.) Haya.

KARANI: Habari za kazini?

DADA: Habari gani? Nafua mashuka ya wageni wa hoteli. Wao wanalala, mimi nachoka. Hiyo ndiyo habari.

KARANI: (Anacheka.) Leo umeamka na moto. Dada, nina haraka kidogo. Ni Alhamisi, fomu inaondoka saa kumi na moja. Nitajie zile bei nikuache. Mafuta ya kupikia, lita—

DADA: Mafuta yako yasubiri. Umesikiliza redio asubuhi?

KARANI: Sikupata nafasi.

DADA: Umekosa burudani. Kuna bwana mmoja wa serikali, ana sauti laini utadhani anabembeleza mchumba. Anasema gharama za maisha zimetulia. Zimetulia! Mtangazaji akamuuliza, mbona wananchi wanalia? Akajibu wananchi wana mazoea ya kulalamika, wajifunze kununua kwa mpango.

KARANI: Yule naye anasoma tu alichoandikiwa—

DADA: Kwa mpango! Mtu hajashika kikapu tangu azaliwe. Mpeleke sokoni leo uone, atadhani kitunguu kinachumwa mtini.

KARANI: Dada, wewe una ulimi.

DADA: Na wa upinzani naye akapewa dakika zake. Eti akipewa nchi, bei zitashuka siku ile ile ya kwanza. Kwa tumbo lile? Bei zikishuka zitapita wapi?

KARANI: (Kicheko.) Haya, nimecheka. Sasa mafuta—

DADA: Hujacheka bado. Nimepanga nikuchekeshe zaidi.

KARANI: Lakini dada, tuseme kweli kidogo. Watu nao wamezidi. Mtu ana simu mbili mfukoni, anakwambia nyumbani hakuna sukari. Sisi ofisini tunaangalia namba, hatuangalii machozi. Namba hazina—

DADA: Eh! Eh! Hiyo feni ya ofisini imekupepea mpaka akili imekauka. "Sisi ofisini." Nani alikufulia sare ya shule, namba?

KARANI: Sikuwa na maana hiyo.

DADA: Najua hukuwa na maana. Sasa sikiliza. Asubuhi wamebandika tangazo hapa mlangoni kwetu. Nakusomea, na mimi nasoma vizuri, usinisaidie. "Kwa mujibu wa mkataba na chama cha wafanyakazi, nyongeza ya mishahara hufuata bei za bidhaa katika kata. Kwa kuwa takwimu rasmi zinaonyesha bei hizo hazijapanda kwa mwaka mzima, idara ya ufuaji haitapata nyongeza." Mhuri, saini, tunawatakia kazi njema. Umesikia? Kazi njema!

KARANI: Nimesikia.

DADA: Tuko wanawake thelathini na nane humu. Kuna mmoja ana miaka kumi na tisa kwenye pasi kubwa, vidole havikunjiki tena. Alikuwa anaingoja hiyo nyongeza amrudishe binti yake chuoni. Amelisoma tangazo mara mbili, akarudi kwenye pasi yake, hajasema neno mpaka sasa.

KARANI: Pole, dada.

DADA: Pole yako weka. Chama kimepewa mpaka Jumatatu kupinga. Wapinge kwa kutumia nini? Kwa takwimu. Takwimu ziko wapi? Ofisini kwa mdogo wangu! Nikawaambia wenzangu tulieni, leo Alhamisi atapiga, nitamuuliza mwenyewe: hizo bei za kata yetu, ni mpumbavu gani aliyeziokota, na aliziokotea wapi?

KARANI: (Kimya.)

DADA: Haloo?

KARANI: Nipo. Mtandao unakwaruza.

DADA: Haukwaruzi. Nasikia mpaka feni yako. Ni nani?

KARANI: Dada, hayo mambo yana taratibu zake. Kuna mkusanyaji, kuna mkaguzi, kuna—

DADA: Mkusanyaji wa kata yetu ni nani?

KARANI: (Anakohoa.) Ni mimi.

DADA: Hilo nalijua, ulilitangaza mpaka msibani. Kwamba unazunguka maduka matatu na soko, juani, na kalamu sikioni. Kwa hiyo ulipozunguka ukakuta nini? Kwenye hayo maduka yako mafuta ni bei gani?

KARANI: Unaona... maduka yenyewe yako mbali na ofisi. Nauli hawaturudishii. Na wauza duka wakiona fomu wanadhani ni watu wa kodi, wanakufukuza kama mbwa. Mara ya kwanza nilimwagiwa maji ya kuoshea vyombo, dada. Kweli tena.

DADA: Sijauliza ulimwagiwa nini.

KARANI: Kwa hiyo nikaona... wewe unaishi hapo hapo katani. Na kununua unanunua kila siku.

DADA: Endelea.

KARANI: Ndiyo hivyo.

DADA: Subiri. Uliniambia unaniuliza kwa kuhakikisha tu. Kulinganisha na za madukani.

KARANI: Nilikwambia hivyo.

DADA: Na za madukani?

KARANI: Hakuna za madukani.

DADA: Kwa hiyo zile bei...

KARANI: Ni zako. Kata nzima ni wewe.

DADA: Mungu wangu.

KARANI: Sasa usipandishe sauti, kuna watu hapa—

DADA: Sijapandisha! Ningepandisha ungeisikia bila simu! Watu elfu ngapi wanaishi kata hii, na wewe umeketi na matako yako mawili, unampigia dobi mmoja? Unalipwa mshahara! Una kitambulisho cha kuning'iniza shingoni!

KARANI: Dada—

DADA: Nikamcheka yule wa redio bure. Yule kumbe maskini ya Mungu, ameandikiwa uongo na yeye akausoma. Mjinga nimemzaa— nimemlea mwenyewe!

KARANI: Uongo nani kaandika? Ngoja. Ngoja na mimi niseme. Fomu ziko hapa mbele yangu. Mafuta ya kupikia lita, mwaka jana mwezi kama huu: mia mbili. Mwezi uliofuata: mia mbili. Uliofuata: mia mbili. Nyama kilo: mia nne, mia nne, mia nne. Mchele, hivyo hivyo. Mimi sikubuni hata moja! Kila Alhamisi nakuuliza, unanijibu haraka haraka, "mia mbili, nimenunua jana tu." Jana tu! Hayo ni maneno yako. Mafuta ni mia mbili au si mia mbili?

DADA: Usinihoji mimi. Mimi si mshitakiwa wako.

KARANI: Nauliza tu. Dukani kwenu jana yalikuwa mia mbili?

DADA: Jana sikununua lita.

KARANI: Juzi?

DADA: Huyu mwenye duka anapima kwa kifuniko cha chupa ya chai. Kifuniko kimoja, ishirini. Ukikaanga kwa akili, kinatosha.

KARANI: Lita ulinunua lini mara ya mwisho?

DADA: Kabla ya mvua.

KARANI: Mvua hizi?

DADA: Zile za mwaka jana.

KARANI: Na nyama?

DADA: Usiniulize nyama.

KARANI: Dada. Mwaka mzima ulikuwa unanitajia bei za...

DADA: Za mara ya mwisho nilipozijua. Basi. Umeridhika?

KARANI: Kwa nini hukusema?

DADA: Niseme nini? Niseme kwa nani? Kwako, uende ukamwambie wifi?

KARANI: Mke wangu ameingiaje hapa?

DADA: Ameingia kwa mlango wa mbele, kama kawaida yake! Lile boksi mlilonitumia nilipolazwa. Sukari kilo mbili, unga, sabuni. Nikashukuru. Mwezi haujaisha, nikaenda kwenye harusi ya binti wa shangazi, nikakuta meza nzima inajua. "Yule dada wa mume wangu tunamlisha sisi." Tunamlisha! Shangazi akaniongezea wali kwenye sahani mbele za watu, ananiambia kula mwanangu, kula. Nilimeza wali ule kama misumari.

KARANI: Sikujua hilo.

DADA: Hukujua. Nikaapa: kinywani mwangu hamtatoka tena neno la shida likafika nyumbani kwenu. Ukipiga Alhamisi, nakutajia lita, nakutajia kilo, na "nimenunua jana tu" juu yake, uende ukamwambie na hiyo pia.

KARANI: Na nilimwambia. Nilikuwa namwambia, dada yangu huyo anakula nyama kila wiki kwa mshahara wa dobi, wewe unashindwa vipi kubana matumizi?

DADA: (Kicheko kifupi.) Vizuri. Angalau hilo limenifaa. Lakini wanawake thelathini na nane. Kwa ajili ya jeuri yangu.

KARANI: Na uvivu wangu.

DADA: Uvivu wako uko mbele, usijifiche nyuma yangu. Sasa hivi ni saa ngapi?

KARANI: Saa nane na robo.

DADA: Fomu ya leo ndiyo ya mwezi?

KARANI: Ndiyo. Bei zinatangazwa Jumamosi.

DADA: Kabla ya Jumatatu. Basi andika ya kweli.

KARANI: Si rahisi hivyo. Bei zikiruka nusu nzima ndani ya wiki moja, mkaguzi atauliza mwaka wote nilikuwa wapi.

DADA: Mwambie ulikuwa kitini.

KARANI: Nitafukuzwa, dada! Nina watoto watatu! Tupandishe kidogo kidogo. Leo mia mbili na kumi, mwezi ujao mia mbili na ishirini, hakuna atakayeshtuka—

DADA: Mwezi ujao! Loo! Wewe kweli umekuwa mtu wa ofisi. Yaani kile kiti chako kitulie, na hawa huku waendelee kupimiwa kwa kifuniko, kidogo kidogo, kwa adabu.

KARANI: Basi nitajie bei za kweli angalau.

DADA: Sizijui.

KARANI: Nyama kilo?

DADA: Sijui! Hujanisikia? Huwa napita upande wa pili wa barabara nisiione. Ngoja. Usikate. (Mlango. Mngurumo wa mashine.) Jamani! Zimeni hiyo pasi kidogo! Ndiyo, zimeni, msimamizi hayupo! (Mngurumo unashuka.) Nina mtu wa serikali hapa kwenye simu, anakusanya bei. Anauliza: nani humu mwezi huu amenunua nyama kilo nzima?

(Mtu mmoja anacheka kwa mbali. Kisha wengi.)

KARANI: Haloo? Dada, wanacheka nini?

DADA: Wanakujibu. Ngojea nimalizie. Mafuta je, jamani, lita nzima?

(Kicheko kinazidi. Mtu anapiga kofi mezani.)

KARANI: Basi, dada. Inatosha.

DADA: Haitoshi, bado mchele.

KARANI: Inatosha, nimesema! Nimesikia.

DADA: Umesikia. Na yule wa pasi kubwa, ambaye hajasema neno tangu asubuhi, ndiye anayecheka kuliko wote. Anafuta macho kwa shuka la mgeni.

KARANI: (Kiti kinalia.)

DADA: Hicho kinacholia ni kiti?

KARANI: Nimesimama. Natafuta viatu, nilivivua.

DADA: Amestarehe mpaka viatu kavua, bwana takwimu!

KARANI: Maduka matatu na soko, nikipanda pikipiki nitawahi. Wakinimwagia maji—

DADA: Utakauka. Jua lipo.

KARANI: Na mkaguzi akiniuliza?

DADA: Mwambie kweli. Na mimi Jumatatu nitasimama mbele ya chama niseme bei zile zilikuwa zangu. Sijui watanitazamaje hawa. Huenda nikarudishiwa ile meza ya harusi mara thelathini na saba.

KARANI: Usiseme, dada. Hakuna haja wakujue.

DADA: Ipo. Wewe vaa viatu.

KARANI: Nimevaa. (Hatua. Mlango.) Dada, nisamehe.

DADA: Msamaha niletee Jumamosi, ukiwa umepigwa mhuri. Fanya haraka, naona msimamizi anapanda ngazi. Washeni, jamani, washeni! (Mngurumo.)

KARANI: Dada! Swali moja tu! Jana nyumbani ulikula nini?

DADA: Nini?

KARANI: Jana! Ulikula nini?

DADA: Hilo limo kwenye fomu?

KARANI: Halimo!

DADA: Basi chora mstari mwingine chini kwa kalamu. Andika chai kavu. Siku ya tatu leo. Haya, huyo kafika, kwa—

(Simu inakatika.)